Mpunga Aliouacha Mbuchi

Baba yangu hakupatana na bati. Alisema mvua ikinyesha juu ya bati hasikii kitu kingine, na yeye alizoea kusikia kila kitu: nguruwe akivunja bua, samaki akipiga mkia mferejini, mtoto akikohoa. Nyumba aliyojengewa na kaka yangu hapa Kibiti, nyuma ya stendi, iliezekwa bati jipya la rangi ya damu ya mzee. Baba alishukuru, akaomba dua, akaingiza godoro chumbani kama alivyoelekezwa, na kuanzia siku hiyo akawa analala barazani. Tukimuuliza, anasema chumbani kuna joto. Kaka akaleta feni. Baba akasema feni nayo ina kelele. Tukaacha kumuuliza.

Naandika haya nikiwa nimechoka, na sitajifanya kuwa sivyo. Mimi ni fundi cherehani. Tulizaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa. Yeye yuko Dar es Salaam tangu ujana wake, mimi nilibaki karibu na wazazi, na anayebaki karibu ndiye anayepigiwa simu. Ndiye anayejua dawa ya presha iko kwenye kopo gani, na mguu upi wa mama ndio unaovimba. Watu wakiniambia, "Wewe una bahati, umewauguza wazazi wako," naitikia alhamdulillahi huku mgongo unaniuma.

Lakini nataka kumwandika baba, si mgongo wangu.

Alikuwa mtu wa nje. Wengine walimwita mtu wa porini na hakuudhika. Alitega migono ya kambare, alirina asali kwenye mikoko, alijua kusukuma mtumbwi kwa upondo mahali ambapo yamebaki maji ya kulowesha vidole tu. Ila hakuwa mtu wa kuikimbia nyumba yake, kama wanaume fulani ninaowajua, ambao wakisema wanakwenda shamba huwa wana maana nyingine. Baba alikwenda na sisi. Kama ni mahali tusipoweza kwenda, alirudi kabla hatujaanza kumtazamia njiani, na hata siku aliyokosa samaki na asali alituokotea mabungo, tukayala tukikunja nyuso kwa ukali wake.

Ujanani alilima Mloka, kule karibu na hifadhi ya wanyama. Tembo walimfilisi. Siku moja waliingia kwenye mahindi mchana kweupe, kijiji kizima kikatoka kupiga madebe, baba na mama nao wakatoka. Kaka yangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Walimwacha kivulini, na waliporudi hayupo. Walimtafuta kutwa. Walimkuta amelala katikati ya mahindi ambayo tembo hawakuyagusa, ameshika gunzi kama mtoto mwingine anavyoshika mdoli. Mama huisimulia hadithi hii akicheka. Baba hakuisimulia hata mara moja, na mama akifika pale kwenye "tukarudi hayupo," yeye aliinuka akaenda kutazama kitu nje.

Msimu ule ule wakahama. Waliuacha mji wa Mloka na tembo wake, wakaenda delta, Mbuchi, ambako adui wa mpunga ni nguruwe, kiboko na ndege. Baba alisema hao ni adui anaoweza kuzungumza nao. Tembo, alisema, hasikilizi mtu.

Tangu hapo alikuwa na ugonjwa wa kuogopa kutupoteza. Tukisafiri kwenda kwao mama, enzi hizo daraja halijajengwa, tulivuka mto pale Ndundu kwa kivuko. Abiria wengine walikuwa wakitafuta kiboko kwa macho na kununua karanga. Baba alikuwa akitufunga. Alichukua kanga ya mama, akaizungusha kiuno cha kaka na changu, akashika ncha zote mbili mpaka ng'ambo. Watu walimcheka, na mimi niliona haya sana.

Wasioyajua maisha ya bondeni niwaeleze kidogo. Mpunga ukianza kubeba, watu wa delta hawakai tena kijijini. Familia nzima huhamia shambani, na kila familia ina dungu lake, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, chenye sakafu ya fito na ngazi ya kupandia. Juu mnalala, chini mnapika. Kazi ni moja, kuamia ndege. Punje zikiwa bado maziwa, ndege wanashuka kundi zima na kuzifyonza, na shamba linabaki la makapi. Kwa hiyo tangu alfajiri mpaka magharibi kuna mtu juu ya dungu anavuta kamba zilizofungwa makopo, anarusha udongo kwa kombeo, na anapiga kelele. Walimu walilalamika kuwa madarasa yanabaki matupu msimu mzima. Wazazi waliwasikiliza kwa adabu, kisha wakafunga virago.

Kila mlinzi alikuwa na ukelele wake. Jirani mmoja aliwatukana ndege matusi ambayo mama alikuwa akituziba masikio tusiyasikie. Mwingine alipiga mluzi. Baba yeye aliita, "Wenyewe tupooo!" akiivuta ile sauti mpaka inafika kwenye mikoko. Na ikifika, sisi tulipaswa kuitika mmoja mmoja, kila mtu mahali alipo: mama kwanza, kule jikoni chini ya dungu, "Tupo!" Kisha kaka, "Tupo!" Kisha mimi. Alisema ndege wakisikia sauti nyingi wanajua shamba lina watu.

Nami niliamini hivyo, kwamba ni mambo ya ndege. Mpaka siku nilipopitiwa na usingizi kwenye kichuguu, nikakosa kuitika. Niliamshwa na kishindo cha ngazi. Baba alishuka vibaya, akachunika muundi mzima, akaja mbio akikanyaga mpunga wake mwenyewe, jambo ambalo angemchapa mtoto kwa kulifanya. Hakunigusa kwa fimbo. Aliketi kwenye matope, akanishika kifundo cha mguu, akakaa hivyo, huku ndege wakila. Ndege hawakuwa na maana yoyote kwake saa ile. Alikuwa akituhesabu.

Tukakua, tukaondoka. Kaka alikwenda mjini kutafuta maisha, nami nikaolewa Kibiti. Wazazi wakabaki wawili juu ya dungu lile, msimu baada ya msimu, nguzo zikioza na baba akizibadilisha. Mama aliniambia kwamba baba hakuacha kuita. Anaita, mama anaitika, halafu baba ananyamaza kidogo, halafu kidogo tena, ndipo anavuta kamba ya makopo. Alikuwa akiziachia zamu zetu nafasi. Nilipoambiwa hivyo nilikuwa na pini mdomoni, namshonea bibi harusi, na ilinibidi niziteme pini zote nitoke nje kidogo.

Kisha mto ulijaa kuliko kawaida, mashamba yakawa ziwa, na dungu likaondoka na maji. Hapo ndipo kaka alipojenga nyumba ya bati na kusema basi, wazee wapumzike. Baba alipumzika kwa shida, kama mtu aliyelazimishwa kuvaa viatu vya mtu mwingine. Maji yalipopungua alianza kuzungumzia rutuba iliyoachwa na mafuriko. Alizungumza na mimi, na mama, na muuza kahawa. Mwisho tukachoka naye, tukamwacha aende. Akajenga dungu jingine kwa mikono yake, akapanda, akapalilia. Mwezi ule wa mvua kubwa akarudi Kibiti akikohoa. Alisema ni mafua. Aliingia chumbani, akalala kitandani chini ya bati bila kubishana na mtu, na mimi nikajua kwamba hali ni mbaya.

Alifariki siku ya Ijumaa asubuhi. Mpunga wake kule Mbuchi ulikuwa ndiyo unachanua.

Sasa nifike kwenye kosa la kaka yangu, ambalo halikuwa la ubaya. Watani wetu ni watu wa vilimani, kule kusini, na wengi wao wanaishi hapa Kibiti na Ikwiriri. Mmoja ni bibi anayeuza mihogo ya kuchoma pale stendi. Yeye na baba walitukanana maisha yao yote. Bibi alimwita baba "mtumwa wangu", baba alimwita "mwizi wa kuku", na mmoja akiugua mwingine ndiye anayefika wa kwanza. Kazi ya mtani msibani haihitaji kuelezwa kwetu: anateka maji, anapika, anaosha masufuria, na katikati ya yote hayo anamwigiza marehemu, ili wafiwa wacheke wapende wasipende. Na mfiwa hakasiriki. Mtu akimkasirikia mtani msibani, ameuvunja msiba.

Basi, kabla jeneza halijatoka, bibi yule alivaa koti la kaki la baba, akageuza kinu kichwa chini, akapanda juu yake kama ndiyo dungu. Akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kushoto, akatazama kulia, akajikuna mgongoni kwa ncha ya mwiko, vilevile kabisa kama baba. Wanawake wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Kisha akaita, "Wenyewe tupooo!"

Ilikuwa sauti ya baba. Sijui aliitoa wapi. Hata waliokuwa wakichimba jiko walisimama.

Kaka alitoka ndani na kanzu yake nyeupe, na nyuma yake wenzake wa kazini waliokuja naye kwa gari kutoka Dar. Nilimwona usoni, ameumia na ameona aibu mbele ya wageni. Akasema, "Bibi, hapa pana msiba. Heshima kidogo. Hebu vua koti la baba yangu."

Mtu mmoja alisema kwa sauti ndogo, "La ilaha illallah." Kaka hakuelewa. Alikuwa amekaa mjini muda mrefu kiasi kwamba alimwona bibi mmoja wa sokoni akimdhihaki maiti, basi.

Bibi alishuka taratibu, mguu mmoja, kisha mwingine. "Haya," akasema. "Mtoto wa mtumwa wangu kanifukuza. Koti silivui, hili fidia yangu. Na kazi ya msiba huu mfanye wenyewe, na mpunga alouacha kule mkauamie wenyewe." Akawaita wenzake. Wakaweka miiko chini, wakaondoka, maji ya ugali yakichemka bila mtu.

Tulipika sisi wafiwa. Tuliosha masufuria sisi wafiwa. Wazee walimweka kaka chemba wakamweleza, wakamwambia anadaiwa kuku wa kumrudisha mtani, naye akainamisha kichwa akasema hakujua, na kweli hakujua. Mimi nilikuwa nimechoka mno hata kumkasirikia.

Baada ya kuanua matanga, mama aliniita chumbani. Alikuwa ameanza eda, amejifunga kanga nyeupe, haruhusiwi kutoka nyumbani mpaka imalizike. Kaka alikuwepo anaaga.

"Nani anaamia?" mama akauliza.

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ameufikiria mpunga.

"Mama, usijisumbue," kaka akasema. "Arobaini tutanunua mchele. Nitaleta wa Mbeya, mzuri kabisa."

"Sikukuuliza mchele mzuri uko wapi, mwanangu."

Kisha akatueleza. Siku ya kuotesha mpunga ule, baada ya mafuriko, baba alimwambia: huu tutaula wote, sinia moja, na safari hii nitawaita mpaka waje. Kwa sababu ilikuwa miaka na miaka hatujakaa sisi wanne kwenye sinia moja. Kaka akija kwa Idi, mimi nina nguo za Idi za watu. Mimi nikiwa na nafasi, kaka ana kazi. "Mmekuja kumzika," mama akasema. "Kwenye arobaini mtakuja tena. Nataka mkute wali wake. Baada ya hapo sitaomba kitu."

Kaka akatazama saa. Mama akanitazama mimi.

Nilikasirika. Nilikuwa nimemwogesha baba wiki zile zote, nimemlisha, nimekesha naye. Nilikuwa na sare za harusi nzima hazijakatwa. Na sasa niambiwe nikapande dungu, mtu mzima mwenye mgongo kama wangu, nikashindane na ndege. Nilisema, "Mama, mimi nimechoka." Akasema, "Najua." Kesho yake nikamwachia binti yangu cherehani, nikapanda bodaboda mpaka mahali barabara inaposhindwa, kisha nikapanda mtumbwi.

Dungu la baba lilikuwa kama alivyoliacha: mkeka umekunjwa, kombeo limetundikwa, udongo wa kurusha umefinyangwa vidonge na kufunikwa kwa jani la mgomba usikauke. Mpunga ulikuwa mzuri. Sikuutegemea uwe mzuri vile. Niliketi nikautazama, nikapata hasira nyingine, ya kwamba mtu anaweza kufa akaacha kitu kizuri hivyo na asikione.

Asubuhi ndege wakaja. Nikavuta kamba, makopo yakalia, wakaruka wakatua upande wa pili. Nikarusha udongo, nikapiga hewa. Nikaita, "Wenyewe tupo!" Sauti ikatoka kama ya mtu anayeuza mkaa. Ndege hawakuinua hata vichwa. Nikaita tena, na ndipo nilipojua kwa nini sauti ile haina nguvu. Hakuna aliyeitika. Ukelele wa baba ulitengenezwa kwa watu, ukiwa peke yako unakusuta.

Siku zikapita hivyo. Ndege wa mchana walikula pembeni, nguruwe wakafyeka pembe ya mferejini. Mikono ilichubuka kwa kamba. Nilikula ugali na dagaa nimesimama, jicho kwenye shamba. Kulikuwa na kichuguu kimoja chenye mtandao wa simu, kile kile cha utotoni, na siku moja nilipanda pale nikampigia mama. Nikamwambia, "Mama, hautabaki."

"Utabaki wa kuonja," akasema. "Mtu mmoja mmoja tonge moja. Mimi siombi gunia."

Nilikata simu, nikalia. Si kwa ajili ya baba, niseme kweli. Nililia kwa uchovu tu, kama mtoto anayelia kwa usingizi.

Na ilikuwa siku ya pili yake, jua limeanza kuwa kali na ndege wametanda, niliposikia kutoka kwenye mikoko: "Wenyewe tupooo!"

Ndege wakainuka shamba zima. Najua kwamba aliyekufa amekufa, nilimwogesha kwa mikono yangu akiwa hai na nikamwona akitoka mlangoni kwenye jeneza. Lakini mwili haukuwa na habari hizo. Uliruka wenyewe, nikashuka ngazi nusu, nikashikilia nguzo.

Akatokea kwenye njia ya mtumbwi, amevaa koti la kaki linalomfika magotini, kikapu kichwani, mwizi wa kuku, bibi wa mihogo.

"Mbona huitiki?" akasema. "Ndege watajua shamba la mtu mmoja."

Nilijaribu. Mdomo ulifunguka, sauti haikuja.

"Haya, usilazimishe. Utaitika siku yako." Akatua kikapu, akanitazama toka juu hadi chini. "Mjukuu wangu, umekuwa kama sanamu ya kutishia ndege, na bado hawakuogopi."

Nikamuuliza kama hakusema tuamie wenyewe. Akasema alisema, na hasira ya mtani haivuki mto. Akapanda dungu kwa kukohoa na kulalamika, akavuta kamba, akaita kwa sauti ya baba. Kisha, kwa kuwa mimi siwezi, akaitika mwenyewe: "Tupo!" kwa sauti ya mama, ile yenye mikwaruzo. "Tupo!" kwa sauti ya kaka, akaikoleza Kiswahili cha mjini, kidogo na kwa pua. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Zamu yangu hakuiigiza. Aliiachia nafasi, akavuta kamba.

Tuliamia pamoja mpaka mpunga ukakauka. Mchana alilinda yeye, mimi nikalala chini ya dungu usingizi ambao sijaupata tangu baba alipoanza kukohoa. Hakunifariji kwa maneno. Alinitukana kila siku, na alinichemshia uji. Tukavuna kwa visu, suke kwa suke, tukapura, tukaanika. Haukufika gunia. Lakini ulikuwa zaidi ya wa kuonja.

Arobaini ilipofika, uwanja wa Kibiti ulijaa mikeka. Kaka alikuja na mchele wa Mbeya kama alivyoahidi, na kuku wa kumlipa mtani. Kuku mwenyewe alikuwa wa dukani, amenyonyolewa, amegandishwa, yuko kwenye mfuko wa plastiki. Bibi alimpokea kwa mikono miwili, akamgeuza, akamnusa, akatangaza kwa uwanja mzima, "Jamani, kuku huyu kafa kabla ya marehemu!" Watu wakaangua kicheko. Kaka naye akacheka, akifuta macho, na msiba ukawa umeungwa.

Wapishi wakasema mchele wetu upikwe peke yake, sufuria ndogo, ya wenyewe. Mchele mpya hautaki maji mengi, na ukiuchanganya na wa zamani, mmoja unakuwa uji mwingine bado una kiini. Nikaenda kumwuliza mama chumbani. Akasema, "Changanyeni. Alisema wote." Wapishi wakaguna, wakachanganya. Wali ukatoka kama walivyosema, huku bokoboko, huku punje ngumu, na bibi akapita kwenye masinia akiwaambia watu wale tu, hivyo ndivyo mtumwa wake alivyokuwa, nusu mbichi nusu kaiva. Mama alipelekewa sahani yake chumbani. Mimi na kaka tulikula pamoja, tumechuchumaa karibu na jiko. Alikula polepole. Alipomaliza alilamba vidole, akaniuliza kama ule ugumu ni wa mchele wake au wa baba. Nikamwambia wa kwake. Akatikisa kichwa, akaenda kuchukua birika awanawishe wazee mikono.

Dua ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wanatafuta viatu vyao. Bibi akageuza kinu kichwa chini, akapanda. Koti lile lile. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaita.

"Wenyewe tupooo!"

Watu wakaacha viatu vyao. Kisha kutoka dirishani mwa chumba cha eda, chini ya bati, ikaja sauti nyembamba yenye mikwaruzo, "Tupo!"

Watu hawakujua kinachofuata. Kaka alijua. Alisimama na birika, maji yakamwagika miguuni mwa mzee mmoja, na mzee hakusogea. Akasema, "Tupo," kwa chini. Bibi akaweka mkono sikioni. Kaka akavuta pumzi, akaitika tena, na hiyo ilikuwa sauti ya mtoto anayeita kutoka ndani ya mahindi.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeinamia sufuria, nakwangua ukoko, nimechoka toka unyayo mpaka utosi. Bibi hakugeuka kunitazama. Alisubiri tu, mkono sikioni, kama baba alivyokuwa akisubiri kabla hajaanza kushuka ngazi.

Nikauweka mwiko chini, nikaitika.